Mjusi chui nyumbani: kumjengea, kumpasha joto na kumlisha

Mama alipomwona Chapati kwa mara ya kwanza kwenye simu ya video, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mwanangu, huyo mjusi kafiri mmempangisha?" Mama yuko Tanga. Amekua na kile kisa cha mjusi aliyeupuliza moto wa Nabii Ibrahimu, na kwake dawa ya mjusi ni ufagio. Ilinichukua nusu saa kumweleza kwamba huyu si yule wa darini, na hata hapo hakuridhika.

Huyu ni mjusi chui. Kwao ni nchi kavu zenye mawe za Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi ya India. Hana vile vigandishi vya vidoleni vinavyomwezesha mjusi kafiri kutembea darini kichwa chini. Ana kucha tu, kwa hiyo kioo hakipandi. Ana kope pia. Mjusi kafiri hawezi kufumba jicho, hulilamba kwa ulimi kulisafisha; huyu hupepesa kama mimi na wewe, na akilala anafumba. Binti yangu alimpa jina la Chapati kwa sababu ya rangi yake: manjano yenye madoa ya kahawia, kama chapati iliyogeuzwa kwa wakati.

Mkubwa wao hufika sentimita 20 na ushei kutoka puani hadi ncha ya mkia, uzito gramu 50 hadi 80, na akitunzwa huishi miaka 15 hadi 20. Hesabu hiyo miaka kabla hujafungua pochi. Mtoto wa miaka 12 anayekulilia leo atakuwa amemaliza chuo, ameoa au ameolewa, na mjusi atakuwa bado sebuleni kwako. Hapa Uingereza sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2006 inakataza kumuuzia mnyama mtoto aliye chini ya miaka 16, na mnyama wa mtoto huhesabiwa kuwa jukumu la mzazi. Kwa hiyo mfugaji ni wewe. Mtoto ni mpiga picha.

Hatua ya kwanza: nyumba kabla ya mwenye nyumba

Wengi hutoka dukani na mjusi kwenye kiboksi mkono huu, na vifaa kwenye mfuko mkono ule. Usiku huohuo wanahangaika na nyaya huku mnyama ametaharuki. Nunua tangi, liwashe, likae wiki nzima tupu. Wiki hiyo itakuonyesha makosa yako bila mtu kuumia.

Kwa mjusi mmoja mzima tafuta tangi la urefu wa sentimita 90, upana 45 na kimo 45. Utaambiwa 60 zinatosha. Kwa mtoto sawa, lakini kwa mkubwa tatizo halitakuwa nafasi ya kutembea peke yake: tangi fupi hushika joto kila kona, mjusi akakosa pa kukimbilia. Nyumba yake lazima iwe na jua kali upande mmoja na kivuli upande mwingine, naye mwenyewe achague akae wapi na kwa saa ngapi. Mimi napendelea la mbao lenye milango ya kioo kwa mbele. Mbao hutunza joto, na mlango wa mbele unaondoa ule mkono unaoshuka kutoka juu, ambao kwa mjusi ni mwewe.

Usiliweke dirishani, maana jua likipita kwenye vioo viwili hugeuza tangi kuwa tanuri. Wala usilibandike kando ya hita ya ukutani, wala juu ya spika ya televisheni.

Hatua ya pili: joto, na hapa usiwe na haraka

Mjusi hana moto wake wa ndani. Chakula alichomeza jioni husagwa kwa joto analolipata kwenye jiwe na kwenye taa. Akilikosa, nyenje huanza kuoza tumboni kabla hajasagika, naye huacha kula. Watu wengi wanaolalamika kwamba mjusi wao hali, chakula chao hakina kasoro yoyote. Tangi lao ndilo la baridi. Kabla ya kununua mdudu hata mmoja, pata namba hizi:

- jiwe la kuotea joto: nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, zikipimwa juu ya jiwe lenyewe;
- upande wa kivuli: 24 hadi 26;
- usiku: taa zote zizimwe, joto liruhusiwe kushuka hadi 20 au 18.

Mchana natumia taa ya halojeni, ile ya kawaida ya kumulika chini, ikiwa imefungwa juu na kuzungushiwa wavu asiiguse. Chini yake nimeweka bamba la jiwe. Jiwe hunywa joto mchana kutwa, na taa ikizimwa hubaki na uvuguvugu kwa muda mrefu. Jioni Chapati akitoka pangoni huenda moja kwa moja akalalia tumbo pale, miguu kaitanua, kama paka kwenye mkeka. Nyumba yako ikishuka chini ya 18 usiku, na kwa bei ya gesi ya hapa wengi tunazima hita tukilala, ongeza kipasha joto cha kauri kisichotoa mwanga, au mkeka wa joto.

Chochote utakachochagua, lazima kipite kwenye themostati, yaani kifaa kinachodhibiti joto lisipite kiwango ulichopanga. Hapa nilijifunza kwa gharama yangu. Duka nililoanzia liliniuzia seti iliyokwisha fungwa: tangi, mkeka wa joto, balbu nyekundu na mfuko wa mchanga. Themostati haikuwemo na mimi sikuuliza. Nikabandika mkeka chini ya kioo, nikalaza kigae juu, nikachomeka umeme, nikaenda kulala. Asubuhi nilipogusa kigae nilitoa mkono kwa kasi. Kipimajoto kilisoma 46. Chapati alikuwa hajafika bado, ndiyo maana nashikilia ile wiki ya tangi tupu. Mijusi wameungua tumbo kwa mikeka ya namna hiyo.

Themostati ziko za aina zaidi ya moja. Taa ya halojeni inataka ile inayopunguza na kuongeza mwanga polepole; ukiipa ile ya kuwasha na kuzima, taa itakuwa inawaka na kufa siku nzima kama ya disko. Mkeka unaendana na ya kuwasha na kuzima. Kihisi chake, yaani ule waya wenye kichwa kidogo, kiweke palepale mjusi anapolalia, kisha ukishikize vizuri. Kikidondoka na kulala upande wa kivuli, themostati itadhani nyumba nzima ni baridi na itazidi kupasha.

Balbu nyekundu niliirudisha kabatini. Wauzaji husema mjusi haoni wekundu. Anauona mwanga wake, na usiku anahitaji giza.

Kuhusu kupima, achana na vipimajoto vya mshale, mfano wa saa, vinavyobandikwa kwenye kioo, hivyo vinapima kioo. Nunua cha dijitali chenye waya, na ukiweza ongeza kile cha bunduki, mfano wa kile tulichoelekezewa kwenye paji la uso wakati wa Korona, ila kiwe cha kupimia vitu. Kielekeze kwenye jiwe, kisha kwenye kivuli. Andika namba za asubuhi, adhuhuri na usiku kwa siku saba. Zikitulia, endelea.

Hatua ya tatu: mwanga

Mjusi chui hutoka pangoni wakati wa magharibi na alfajiri, na kwa sababu hiyo zamani walisema hahitaji miale ya UVB, ile ya jua isiyoonekana kwa macho. Wafugaji wengi siku hizi humwekea taa hafifu, ya asilimia 5 hadi 7, upande uleule wa joto, iwe mbali na mgongo wake sentimita 30 na zaidi. Anajitokeza kidogo, anachota anachokitaka, anarudi pangoni. Miale hiyo humsaidia kutengeneza vitamini D3, na bila D3 chokaa anayokula (yaani kalsiamu, si ile ya kupaka ukuta) haifiki mifupani. Badilisha taa kila baada ya miezi 12 hata kama bado inawaka, kwa sababu miale huisha kabla ya mwanga. Kama wako ni albino, macho yake hayavumilii mwanga mkali. Mpe kivuli kingi zaidi.

Kwa saa za kuwasha usitegemee jua la nchi hii. Desemba linazama kabla ya saa kumi jioni, Juni linakaribia saa nne za usiku. Funga kifaa cha saa kwenye soketi: taa ziwake saa moja asubuhi, zizimike saa moja jioni, na wakati wa kiangazi unaweza kusogeza mpaka saa tatu usiku. Akishazoea, magharibi yake ni taa inapozimwa.

Hatua ya nne: tandiko na mapango

Ule mfuko wa mchanga nao sikuutumia. Mtoto wa mjusi hurukia mdudu mdomo wazi na kumeza alichokikuta. Mchanga ukijaa tumboni, utumbo huziba. Mbaya kupita zote ni ule mchanga wa chokaa wenye rangi rangi, maana ladha yake humvutia aulambe makusudi. Kwa miezi mitatu ya mwanzo tandika karatasi za jikoni. Hazipendezi, lakini kinyesi kinaonekana, na kinyesi ndicho taarifa ya afya utakayoitegemea. Baadaye mimi niliweka vigae vya sakafuni, upande wa kukwaruza juu. Vinasagia kucha na vinafutika kwa dakika mbili. Wapo wanaochanganya udongo wa bustani usio na mbolea na mchanga laini, sehemu saba kwa tatu, na kuushindilia. Kwa mjusi mkubwa mwenye afya na tangi lenye joto sahihi unafaa, na anafurahi kuchimba.

Mapango yawe matatu. Moja upande wa joto, moja upande wa kivuli, na la tatu katikati, hilo ni la unyevu. La unyevu usinunue: chukua kopo la aiskrimu lenye kifuniko, kata tundu la ukubwa wa kichwa chake mara mbili, sugua kingo kwa msasa zisimkate, ndani jaza karatasi za jikoni zilizoloweshwa na kukamuliwa. Unyevu wa tangi zima ubaki asilimia 30 hadi 40. Ndani ya kopo ndimo muwe kama bafuni. Bila kopo hilo ngozi ya vidole haitatoka, nitaeleza chini.

Kila pango limtoshe kwa kubana. Binadamu hupenda chumba kikubwa. Huyu anataka mgongo uguse dari. Malizia na sahani fupi ya maji upande wa kivuli, kipande cha gome la mti, na majani ya plastiki ya kujificha anapovuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Hatua ya tano: kumchagua

Angalia mkia kwanza. Mkia wa mjusi chui ni ghala lake la mafuta, kama nundu ya ngamia. Uwe umejaa, usiwe mwembamba kama penseli. Macho yawe wazi na safi. Akitembea tumbo liinuke kutoka chini. Hesabu vidole. Omba umwone akila, na muuzaji akikwepa ombi hilo, nenda zako.

Rangi usizishabikie. Wafugaji wamezalisha mijusi chui wa kila namna, na baadhi ya rangi zimekuja na maradhi. Wale wanaoitwa Lemon Frost wengi wao hupata uvimbe wa saratani ya ngozi, na Enigma wapo wanaozaliwa na kasoro ya mishipa ya fahamu, wakawa wanazunguka duara na kukosa shabaha ya chakula. Huyu wa kawaida wa manjano na madoa ndiye wa kuanzia.

Nunua mmoja. Hawahitaji mwenzi. Madume wawili watatoana damu, na hata majike mmoja humnyima mwenzake jiwe la joto mpaka akakonda bila wewe kuona ugomvi wowote.

Na awe amezalishwa na mfugaji, asiwe amekamatwa porini. Hapa niseme la nyumbani. Chini ya milima ya Uluguru, Morogoro, upo msitu mdogo wa Kimboza, na ndani yake huishi mjusi wa buluu mwenye urefu wa kidole, anayekaa kwenye majani ya mikadi. Dume lake lina buluu ya kuumiza macho, na uzuri huo ndio uliomponza: walivunwa kwa maelfu kwenda kuuzwa Ulaya, Marekani na Asia, mikadi ikikatwa ili wafikiwe. Tangu mwaka 2017 yumo kwenye Kiambatisho cha kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, ambako biashara ya kimataifa ya waliotoka porini hairuhusiwi. Bado utamwona kwenye mabanda ya maonyesho ya wafugaji. Mimi ukiniuliza, mwache. Na wewe unayesoma ukiwa Tanzania au Kenya, mjusi wa porini si wako kumweka kwenye chupa. Wanyamapori ni wa serikali na kuwafuga kunataka kibali.

Hatua ya sita: siku za mwanzo

Akifika, mweke ndani, funga mlango, ondoka. Siku mbili tatu asile, ni kawaida. Wiki ya kwanza usimshike kabisa, na ya pili weka mkono tu tandikoni aje aunuse. Chapati alikuja siku ya kumi na moja, akalamba kidole changu, akarudi nyuma, akalamba tena. Binti alikuwa shuleni, na mpaka leo hajanisamehe.

Ukianza kumbeba, mchote kwa chini kwa kiganja. Usimnyakue kwa juu, na mkia usiuguse. Akiogopa sana anaukata na kuuacha ukichezacheza, na ule utakaoota baadaye hautakuwa sawa na wa kwanza.

Hatua ya saba: lisha wadudu kabla ya kumlisha mjusi

Mjusi chui hali majani wala matunda. Anakula wadudu, na anawataka hai. Dukani utakuta nyenje, nzige, mende wa dubia, mabuu ya unga, na funza wa nzi askari, walewale wanaofugwa siku hizi Kenya na Tanzania kwa chakula cha kuku. Nzige wananichekesha. Mwaka 2020 tulikuwa tunatazama kwenye simu mawingu ya nzige yakila mashamba Kenya, huku mimi kila Jumamosi napanga foleni kununua kiboksi cha nzige kumi.

Kila mmoja ana tabia yake. Mende wa dubia ndio bora kwa maoni yangu: hawarukiruki, hawanuki, hawalii. Nyenje ni wazuri kwa lishe lakini wakikuponyoka wanaimba. Tulipoteza watatu nyuma ya friji, na kwa wiki mbili tulilala kama tuko Muheza msimu wa mvua. Mabuu ya unga yana ganda gumu. Changanya, usiyafanye chakula pekee. Wale mabuu weupe wa nta ni peremende: mmoja kwa wiki mbili, ukizidisha atakataa vingine vyote. Wadudu wa bustanini usimpe, huwezi kujua wamepita kwenye dawa gani, na vimulimuli ni sumu ya kumuua.

Sasa jambo ambalo watu wengi hulipita. Nyenje aliyekaa dukani siku tano kwenye kiboksi na kipande cha trei ya mayai ni ganda tupu. Ukimpa huyo mjusi, umempa kitu cha kutafuna. Hamishia wadudu kwenye ndoo yenye matundu, uwalishe vizuri kwa saa 24 hadi 48 kabla ya siku ya kulisha. Mimi nawapa sukuma wiki. Ina chokaa nyingi, na hapa inapatikana sokoni kwa wauzaji wa Karibiani na Afrika; nikikosa nawapa kabichi za majani meusi. Juu yake karoti iliyokwaruzwa, ambayo ndiyo maji yao pia, na kiganja cha pumba za shayiri. Mchicha wa dukani usiutegemee, chokaa yake hufungwa na asidi ya oksaliki isipatikane. Bakuli la maji usiwawekee, nyenje watazama wote.

Hatua ya nane: ratiba yenyewe

Mtoto wa chini ya miezi minne anakula kila siku. Kuanzia hapo mpaka mwaka mmoja, siku moja ndiyo moja hapana. Mkubwa mara mbili kwa wiki inatosha, tatu kama ni jike linalotaga au amekonda. Mdudu asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho yake mawili. Kwa Chapati, ambaye sasa ana miaka minne, ni mende watano hadi saba Jumanne na Ijumaa.

Lisha taa zikishazimika, nusu saa hivi baadaye, ndipo anapotoka kuwinda. Weka wadudu kwenye mfuko wa plastiki na robo kijiko cha unga wa chokaa, funga mdomo, tikisa taratibu, kama unavyochanganya mihogo ya kukaanga na pilipili ya unga. Watoke weupe weupe, wasiwe wamezikwa. Kama umemwekea UVB, tumia chokaa tupu isiyo na D3 karibu kila mlo, na kila wiki mbili badala yake tumia unga wa vitamini mchanganyiko wenye vitamini A. Kama huna UVB, D3 lazima itoke kwenye unga. Fuata kipimo cha kopo, maana D3 ikizidi nayo ni sumu.

Mimi humpa mmoja mmoja kwa kibanio chenye ncha ya plastiki. Anainua mkia, anautikisa ncha kama nyoka mdogo, anatulia, halafu paa. Wakati mwingine namwachia wawili wakimbie awafukuze, ni mazoezi. Baada ya dakika 15, kilichobaki toa. Nyenje mwenye njaa akilala na mjusi aliyeshiba, atamtafuna mjusi.

Mpime kila wiki mbili kwa mizani ndogo ya jikoni (isiwe ileile ya kupimia unga wa maandazi) na uandike. Mkubwa anaweza kupunguza kula majira ya baridi hata wiki kadhaa. Uzito ukisimama palepale, usihangaike. Na usimnenepeshe. Mkia ukizidi upana wa shingo sana na ukaona vifuko vimetuna kwenye makwapa, punguza mlo.

Hatua ya tisa: choo, gamba na mikono

Ana adabu: huchagua kona moja na kujisaidia hapohapo miaka yote. Tandika kipande cha karatasi konani, badilisha. Kinyesi kizuri ni kipande cha kahawia kigumu na kingine cheupe kando, huo weupe ndio mkojo wake. Maji badilisha kila siku. Kila mwezi toa vyote, sugua kwa maji ya moto na dawa ya kuua vijidudu isiyodhuru reptilia, suuza, kausha. Usivioshe kwenye sinki la jikoni. Mijusi hubeba salmonella bila wao kuumwa, kwa hiyo sabuni kila baada ya kumshika, na mtoto wa chini ya miaka mitano asimshike.

Kila mwezi hivi mkubwa hufifia rangi, akawa kama amepakwa majivu. Anajivua gamba. Watanzania wa rika langu neno hilo linawakumbusha mwaka 2011, chama tawala cha CCM kilipotangaza kujivua gamba. Huyu anajivua kweli, tena kwa usiku mmoja, na gamba lenyewe analila. Asubuhi yake chukua tochi ukague vidole. Ngozi iliyobaki hukauka ikawa kama uzi uliofungwa kwenye kidole, damu haipiti, kidole kinakatika. Ukiiona, mweke kwenye kibakuli chenye maji vuguvugu yanayofunika vidole tu, dakika 15, kisha sugua taratibu kwa pamba ya masikioni. Usivute kavu.

Lini daktari

Tafuta daktari wa mifugo anayetibu reptilia kabla hujamhitaji. Wengi wanajua paka na mbwa tu. Mpeleke ukiona miguu inapinda au taya limelegea (hayo ni matege, yaleyale ya watoto wetu, yanatokana na kukosa chokaa na D3), kutetemeka, kinyesi cha maji kwa zaidi ya siku mbili, kutapika, jicho kufunga, au mkia kukonda ilhali anakula. Hilo la mwisho linaweza kuwa vimelea vya tumboni. Beba kinyesi kipya kwenye kikopo kilichofungwa, na daftari lako la joto na uzito. Ndicho kitu cha kwanza daktari wetu alichoomba.

Mkisafiri

Agosti tulikwenda Tanga wiki tatu. Mjusi mkubwa mwenye mkia uliojaa anaweza kukaa siku kadhaa bila kula, lakini wiki tatu anahitaji mtu wa kumbadilishia maji na kutazama kama taa imekufa. Jirani yetu alikubali ingawa anaogopa mende kuliko anavyoogopa mjusi, kwa hiyo tulimpimia mabuu ya unga kwenye vikopo sita, kila kimoja na tarehe yake, vikae kwenye mlango wa friji ambako hawakui wala hawatembei. Siku moja kabla ya tarehe, kikopo kinatoka nje na kipande cha karoti. Kwenye kioo cha tangi tulibandika karatasi: maji kila asubuhi, jiwe lisome 32 hadi 35, likipita 38 chomoa plagi, tupigie, nyenje hapana, mkia usiguse, na mstari wa mwisho, alioandika binti kwa kalamu nyekundu, unaosema akikuangalia kama hajala, anadanganya.